Mahali ya Uhakika

Siku Mwaisha alipokutana na Ibrahimu, Kahama nzima haikuwa na umeme, na yeye alikuwa na makala ya watu ya kupeleka kabla ya adhuhuri. Alitoka nyumbani kwao Nyihogo mbio mbio, kompyuta kwapani, dera lake la bluu lenye maua ya njano likimpiga miguuni, mtandio mweupe ukiteleza kila hatua. Nyuma ya stendi ya mabasi kulikuwa na saluni ya kinyozi aitwaye Edson, na Edson alikuwa na jenereta. Mtaa mzima ulijua hilo, kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa umehamia pale.

"Kaka Edson, nakuomba nafasi moja tu ya kuchomeka," Mwaisha alisema huku akihema.

"Dada yangu, si unaona mwenyewe? Simu za watu zimebanana mpaka zinatokwa jasho."

"Chomoa yangu," sauti ilitoka kwenye kiti cha kunyolea. "Hiyo nyeusi yenye kioo kilichopasuka."

Aliyesema alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, ovaroli ya kijani imekolea mafuta ya mashine, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upande mmoja tu. Upande wa pili nywele bado zilikuwa zimesimama.

"Na wewe je?" Mwaisha aliuliza.

"Mimi kichwa hakijaisha. Nitaenda wapi?"

Watu wakacheka. Mwaisha akachomeka kompyuta yake, akakaa kwenye benchi kati ya mama mwenye kuku na wachimbaji wawili waliokuwa wakisubiri basi la Geita, akaanza kuandika. Alipomaliza aya ya kwanza akainua macho.

"Niambie jina lako basi, nikuombee dua."

"Iblahimu."

"Ibrahimu?"

"Ndiyo. Iblahimu."

"Hebu rudia."

"Si nimeshasema? Iblahimu." Akageuka kumtazama vizuri, Edson akamshika kichwa akakirudisha. "Na wewe unaandika nini hapo? Balua?"

"Makala. Namna ya kuchagua godoro zuri."

"Unauza magodolo?"

"Siuzi. Kuna mtu yuko mbali huko anauza. Mimi namwandikia tu kwenye mtandao."

"Umeyaona hayo magodolo?"

"Sijayaona."

"Umeyalalia?"

"Wala."

Ibrahimu akafikiri kidogo, na ile nusu kichwa yake. "Basi wewe ni mwongo wa kulipwa."

Mwaisha alicheka mpaka akafuta aya nzima kwa bahati mbaya. Umeme uliporudi, watu wakachomoa simu zao wakaondoka, lakini wao wawili walibaki kwenye benchi kama watu waliosahau walikokuwa wanakwenda. Walipoachana, ile simu yenye kioo kilichopasuka ilikuwa na namba mpya.

Kazi ya Mwaisha ilikuwa ngumu kuielezea. Alifanyia kazi chumbani kwake, kwenye meza ndogo iliyotazama ua, na watu aliowafanyia kazi hakuwahi kuwaona. Leo aliandika habari za magodoro, kesho mafuta ya nywele, keshokutwa alitumiwa sauti zilizorekodiwa kwenye mahojiano ya watafiti ili azisikilize na kuziandika neno kwa neno. Hiyo ya sauti ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Msimamizi wake, Valerian, ambaye alikaa Arusha na ambaye Mwaisha alimjua kwa maandishi tu, alimpa sheria moja: andika unachosikia, si unachodhani mtu alitaka kusema. Na Mwaisha alikuwa na sikio. Mama yake, Bi Zakia, muuza vitenge wa sokoni, alimlea kwenye Kiswahili kilichonyooka, na kosa la herufi moja lilimkera binti kama mchanga kwenye wali.

Majirani hawakuelewa. Binti anashinda ndani, hatoki na kapu wala begi, lakini ada za wadogo zake zinalipwa. Wengine wakasema ana mzungu. Mama mwenyewe hakuona kama ni kazi hasa, maana kila baada ya muda alimwita uani: "Mwaisha! Njoo uchambue mchele, si upo tu!"

"Mama, nipo kazini."

"Kazini gani, nakuona dirishani?"

Aliyeelewa ni Ibrahimu. Yeye alikuwa fundi wa pampu, zile za kunyonya maji machimboni, na siku zake alizimaliza peke yake ameinamia mashine yenye kelele. Alijua maana ya kuachwa utulie. Alikuwa akipiga simu mchana, wakati wa chakula, akimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Umekula, mayu?"

"Bado. Kazi imenibana."

"Kazi ya uongo?"

"Kazi ya uongo."

"Na leo unadanganya nini?"

"Leo ni sabuni inayotoa madoa yote."

"Ilete kwenye ovaloli yangu tuone kama itatoka salama."

Mwaisha angecheka, halafu angemrudishia. "Sema 'ovaroli'."

"Ovaloli."

"Sema 'rafiki'."

"Lafiki."

"Sema 'nakupenda'."

"Hiyo haina matata," Ibrahimu alijibu, na sauti yake ikashuka. "Nakupenda. Hata nikisema kwa Kisukuma, nakutogwa, bado haina matata."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yao, na yalikuwa matamu. Utani ule ulikuwa wa wao wawili, wa kwenye simu, na ungebaki hapo pasingeharibika kitu. Lakini Mwaisha akautoa nje.

Ilikuwa kwenye sherehe ya kumuaga rafiki yake Paskazia anayeolewa. Ukumbi ulijaa, vitambaa vya zambarau na dhahabu kila mahali, Mwaisha ndani ya gauni la lesi ya rangi ya maziwa, kope zimechorwa, kichwa kimejaa furaha. Ibrahimu alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Mwaisha alikuwa na maikrofoni, akimtambulisha kwa marafiki zake, akaona awachekeshe.

"Ibrahimu, mpenzi, hebu watamkie hawa: Rehema alirarua rula ya Rajabu."

Ibrahimu alimtazama. Kisha, kwa sababu alimpenda na hakutaka kumharibia sherehe, akasogea kwenye maikrofoni. "Lehema alilalua lula ya Lajabu."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Watu walipiga meza. Ibrahimu naye alicheka, meno yote nje, lakini aliporudi kwenye kiti chake hakugusa tena soda yake.

"Umekasirika?" Mwaisha alimuuliza walipotoka.

"Hapana."

"Ulikuwa utani tu, laazizi."

"Najua. Ila, Mwaisha, kule kwetu Mhunze kila mtu anasema hivi. Mama yangu anasema hivi, imamu anasema hivi. Mimi nilikuwa sijui kama ni kasolo, mpaka nilipokupenda wewe."

Mwaisha alimshika mkono akaomba radhi, na radhi ikapokewa. Lakini simu za mchana zikawa fupi. Wiki zikapita, halafu siku moja akapigiwa, na kabla hajasema halo akasikia sauti ya Ibrahimu ikiunguruma: "Rrrehema!"

"Rehema ni nani?" Mwaisha aliruka kitini.

"Hakuna Rehema. Nafanya mazoezi. Sikia: ripoti. Barabara. Ovaroli. Nafanyia kwenye pampu ikiwa inaunguruma, watu wasinisikie."

"Ibrahimu jamani! Nani kakwambia ufanye hivyo?"

"Hakuna aliyeniambia. Sikia tena: Ibrahimu."

Jina lilitoka safi, herufi zote mahali pake. Mwaisha alipiga makofi peke yake chumbani, akamsifu sana. Baadaye alipokumbuka siku ile, lililomuuma ni yale makofi.

Mchana mmoja Ibrahimu alikuja nyumbani kwao na kilo za nyama kwenye mfuko. Mwaisha alikuwa chumbani amevaa hedifoni, anaandika maneno ya wakulima wa pamba asiowajua. Uani, hatua chache kutoka dirisha lake, mama yake alimkaribisha mgeni kwenye kigoda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nikuulize jambo, usinione mbaya. Umeanza kuja hapa siku nyingi. Unakuja kama nani?"

"Nataka kumuoa, mama."

"Mwanangu hatoki hapa kwa maneno. Yuko Majaliwa, mfanyabiashara wa mchele, amekwishatuma watu. Ukija, njoo na mahari yako mkononi tuongee. Usije mikono mitupu ukaniaibisha kwa wajomba zake."

"Nimekuelewa, mama. Nakuomba usimwambie. Nataka nimwambie mwenyewe nikishapata."

Mwaisha hakusikia hata neno moja. Alikuwa analipwa kusikiliza watu wengine.

Mwaisha aliagwa kesho yake, pale pale stendi. Ibrahimu alikuwa na begi la vifaa na sweta jekundu begani.

"Kuna duara huko Geita limejaa maji," alisema. "Wanataka fundi wa kukaa hapo hapo, na mgao wa mawe watanipa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nipate."

"Upate nini?"

"We subiri tu, mama. Utasikia."

Miezi ikaanza kupita. Duara, yaani lile shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa mbali na mnara wa simu. Ibrahimu alipiga alipopanda kilimani, maneno yakikatika katika. Mwaisha akimuuliza amekula nini, mtandao unaondoka. Paskazia, ambaye sasa alikuwa mke wa mtu na mwenye ushauri mwingi, alimwambia, "Shoga, wanaume wa machimboni wanapata na wake huko huko. Wewe endelea kusubiri."

Na mama naye hakunyamaza. Alirudi sokoni na habari za mabinti wa watu. "Unamkumbuka yule mtoto wa Bi Mwajuma? Kapata mahali Isaka, mahali pazuri, katulia." Kwa mama, mtu hakuolewa wala hakuoa. Mtu alipata mahali. Mwaisha alilisikia neno hilo asubuhi na jioni, mpaka likawa linaishi kichwani mwake kama mpangaji.

Ndipo ujumbe ukaja. Ulikuwa wa sauti, umeingia mchana Mwaisha akiwa mezani, vidole bado viko kwenye kazi ya watu. Nyuma ya sauti kulikuwa na mashine ya kusagia mawe inapiga, na Ibrahimu alikuwa anahema kama aliyekimbia.

"Mwaisha. Mwaisha, nimepata mahali! Mahali ya uhakika, siyo ya kubahatisha. Sipiti Kahama sasa, naenda moja kwa moja Mhunze, mama ajue. Usinitafute siku mbili tatu hizi, kule kwetu mtandao shida. Nisamehe, nimekuweka sana."

Mwaisha aliweka hedifoni akausikiliza tena. Na tena. Alifanya kama anavyofanya kazini, neno kwa neno. Amepata mahali. Anakwenda kumwambia mama yake. Nisimtafute. Anaomba msamaha kwa kuniweka muda wote huu. Kitu kimoja tu kilikwaruza sikio lake: alisema "mahali ya uhakika", na inatakiwa iwe "mahali pa uhakika". Akalisahihisha kichwani, kama alivyozoea kusahihisha makosa ya watu, akalipita.

Wala haikumjia kwamba ni ulimi. Ulimi Ibrahimu alikwisha kuunyoosha. R zake zilikuwa safi, yeye mwenyewe alizipigia makofi. Na ujumbe mzima, ukiusikiliza, hauna r nyingine hata moja ya kumzindua mtu. Furaha ilikuwa imemrudisha kijana wa watu kwenye mdomo wa mama yake, na Mwaisha akaandika alichosikia.

Alilia mpaka akashindwa kuona kibodi. Kisha akajifuta, na kwa kuwa maneno ndiyo kazi yake, akaandika: "Hongera kwa hapo ulipopata. Na mimi nimepata mahali, tena pa uhakika, siyo pa kubahatisha. Tusitafutane tena." Akautuma, halafu akaifungia namba ile isimpigie wala isimwandikie.

Haikuwa kweli. Hakuwa amepata mahali popote. Majaliwa alikuja na gari lake jeupe, akashusha magunia ya mchele kwa mama, akakaa sebuleni akiwa na kanzu inayonukia udi, na Mwaisha akamkatalia kwa heshima zote. Mama alinuna mwezi mzima. Mwaisha akarudi mezani kwake. Aliandika habari za majiko, za viatu vya watoto, za kupanga harusi ya gharama nafuu. Hiyo ya mwisho aliiandika huku machozi yanamdondoka, na mteja akaisifu kwamba imeandikwa kwa moyo.

Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia, na mingine ikafuata. Kwa kuwa alikuwa mtu wa huku na anajua lafudhi za huku, Valerian alimpa sauti za utafiti uliofanywa kwa wachimbaji wadogo wa Geita, juu ya mafuriko ya mashimoni. Washiriki hawakutajwa majina. Mwaisha alianza nazo asubuhi, kikombe cha chai pembeni, jogoo wa jirani anawika kama kawaida yake.

Mshiriki mmoja alikuwa fundi. Alizungumza taratibu, Kiswahili kimenyooka: maji ya ardhini, marekebisho ya pampu, ripoti za kila wiki. Mwaisha aliandika bila kuinua kichwa. Sauti aliiona kama ya mtu aliyekwisha kumsikia, lakini anasikia sauti nyingi.

"Na mapato ya kwanza uliyoyapata hapa," dada wa utafiti aliuliza, "uliyafanyia nini?"

"Nilinunua ng'ombe," yule fundi akajibu. "Wa mahali."

"Wa mahali gani?"

"Hapana, dada. Mahali. Mahali ya kuolea. Kulikuwa na binti Kahama, anaandika mambo kwenye kompyuta. Nikamtumia sauti, nikamwambia nimepata mahali. Akanijibu na yeye amepata. Kumbe mwenzangu alishapeleka."

"Pole. Sasa tuendelee na swali la matimba ya kuzuia udongo..."

Mwaisha alisimamisha sauti. Vidole vilikuwa vimeshaandika. Pale kwenye kioo palikuwa na neno hilo, mahali, mahali, mahali ya kuolea, na lile "ya" aliloliona kosa. Halikuwa kosa. Mahari ya uhakika, ndivyo inavyosemwa, na mtu alikuwa amesema sawasawa, naye akamsahihisha.

Alitoka uani akakaa kwenye kigoda cha mama, akajipiga mapaja kwa ngumi, akasema kwa sauti, "Mungu wangu, nimefanya nini?" Mama alikuwa sokoni. Akaifungulia ile namba, akapiga.

"Halo," sauti ilisema. "Nani mwenzangu?"

"Mimi."

Mwaisha alisikia kuku, na mtoto mdogo anaita.

"Ibrahimu, ni Mwaisha."

"Nimekujua tangu uliposema mimi," alisema. "Kuna msiba?"

"Hakuna. Nataka kukuona. Mara moja tu."

"Alhamisi nitapita Kahama na pampu. Nitamwambia mama Rahma, nitakuja."

Saluni ya Edson haikuwepo tena. Siku hizi ni duka la makava ya simu, lakini benchi lilibaki nje. Ibrahimu alikuja na shati la kitenge lililoshonwa vizuri, amenenepa kidogo, pampu imefungwa kwenye gunia. Mwaisha alivaa lile dera la bluu, limepauka. Walisalimiana kwa mkono, kama watu wa ofisi moja.

"Rahma ni mtoto wako?"

"Wa kwanza. Jina nilichagua mwenyewe." Akatabasamu. "Nilikwambia najifunza."

Mwaisha alishindwa kuzunguka. Akamwambia yote: ujumbe wa sauti, alivyosikia, alivyojibu, na kwamba hakuolewa na Majaliwa wala na mtu mwingine. Ibrahimu alisikiliza akitazama mabasi. Alipofika kwenye lile neno, akafumba macho.

"Ulifikiri nimepata mke."

"Ndiyo."

"Kwa kuwa nimesema mahali."

"Ndiyo."

"Mwaisha, ulinicheka kwa hicho kitu mwaka mzima. Wewe ndiye pekee duniani ambaye ungejua."

"Ulikuwa umeshajifunza! Ulikuwa unasema vizuri..."

"Nilikuwa na furaha," alisema. "Nilisahau kujifunza."

Basi la Geita lilipita, vumbi likawafunika, wakasubiri litulie. Mwaisha alikuwa analia waziwazi na muuza makava alikuwa akijifanya anapanga makava.

"Uliposoma ujumbe wangu," alisema, "kwa nini hukuja?"

"Niliona umeandika mahali. Nikajua umeandika kwa mdomo wangu, unanicheka kama kule ukumbini. Kwamba umepokea ya mwenzangu, na bado unanicheka." Alipangusa uso kwa kiganja. "Lakini nilikuja. Nilifika mpaka kwenye kona ya kwenu. Nikaona gari jeupe mlangoni, watu wanashusha magunia. Mama yako aliniambia nisije mikono mitupu, na mimi ng'ombe wangu walikuwa Mhunze. Nikarudi."

"Ungegonga tu, Ibrahimu."

"Na wewe ungeniuliza tu."

Mwaisha akajifuta macho, akauliza, kwa sauti ndogo, "Wale ng'ombe?"

"Walikaa zizini kwa mama. Nilikuwa nawaita ng'ombe wa Mwaisha, watoto wa pale nyumbani wakalizoea jina. Mama akavumilia, mwisho akasema hawa wanyama watazeeka bure. Wakaenda kwa kina Vumilia." Akavuta pumzi. "Ni mke mwema. Anajua nimekuja kukuona. Alinipasia hili shati."

"Basi mwambie nimeshukuru."

"Nitamwambia."

"Nakupenda, Ibrahimu. Ujue tu."

"Hiyo haina matata," alisema. Aliinama akabeba gunia lake begani. "Kaa salama, mayu. Mahali yako ilikuwa ya halali, nakuapia. Jasho langu tupu."

Mwaisha aliisikia. R zote za dunia alikwisha kuziweza, isipokuwa hiyo moja. Alimtazama akipanda basi, sweta jekundu likichungulia kwenye gunia, na hakumsahihisha.

Kazi ilikuwa bado inasubiri nyumbani. Alimaliza sauti zote, akazipitia, na alipofika kwenye maneno ya yule fundi akafuta l, akaweka r, kila palipohitajika. Mahari. Mahari ya kuolea. Nimepata mahari. Ilikuwa mara ya kwanza kuivunja sheria ya kazi yake. Akatuma.

Siku ya pili Valerian akaandika: "Habari Mwaisha. Kazi nzuri kama kawaida. Rekebisho moja tu: mshiriki huyu, kwenye sauti anasema 'mahali', wewe umeandika 'mahari'. Nimesikiliza mara kadhaa. Na anatamka r vizuri kabisa kwingine kote, kwa hiyo hapa amekusudia mahali. Tuandike kilichosikika."

Mwaisha alisoma ujumbe ule mara nyingi. Uani mama alikuwa anamwita akachambue mchele, si yupo tu. Aliweka vidole kwenye kibodi, akamjibu.

"Habari Valerian. Hivyo hivyo ndivyo nilivyofikiri na mimi. Alisema mahari. Naomba uliache."